Sura ya Sita: Nani Aliamua Simu Yako Iende Kule?

Namba ya simu ya mezani inayoanza na 026 hubeba habari ya mahali. Katika mpango wa namba wa Tanzania tarakimu hizo ni za Dodoma, Singida, Iringa na Tabora, yaani sehemu kubwa ya uwanda wa kati wa nchi. Kwa miongo mingi zilitosha kueleza simu inakwenda wapi: waya ulitoka kituo cha simu, ukapita nguzoni, ukaingia ofisini, na kengele ikalia juu ya meza ya mtu. Leo katika ofisi nyingi waya huo haupo, au upo lakini unaishia kwenye kompyuta. Kompyuta hiyo, seva ya simu, ndiyo inayopokea mwito kwanza. Inasoma namba iliyopigwa, inaangalia saa, pengine inaangalia na namba ya anayepiga, halafu inafuata maelekezo ambayo mtu aliyaandika kwenye faili: kengele ilie meza ipi, kwa sekunde ngapi, asipopokea huyu apewe yupi, na huyo naye asipopokea iwe nini. Hoja ya sura hii ni kwamba faili hilo ni waraka wa utawala. Linaamua nani asikilizwe na nani akatiwe simu, tena kwa uhakika kuliko tangazo lolote la ubaoni, kwa hiyo linapaswa kusomwa na kuidhinishwa na wenye ofisi. Kwa kawaida huachiwa mzabuni, ambaye hufunga mtambo, hupokea malipo yake na kuondoka.

Mgogoro wa nani aelekeze simu ni wa zamani kama simu yenyewe. Katika karne ya 19 kazi hiyo ilikuwa ya opereta, aliyeketi mbele ya swichibodi na kuunganisha nyaya kwa mkono. Almon Strowger, mtu wa biashara ya mazishi katika mji wa Kansas City nchini Marekani, alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta Machi 1891, na kituo cha kwanza cha umma kilichotumia mtambo wake kilifunguliwa La Porte, Indiana, mwaka 1892. Husimuliwa kwamba alisukumwa na hasira, kwa kuamini kuwa opereta wa mji wake alikuwa akiwaelekeza wafiwa kwa mshindani wake. Iwe ilikuwa hivyo au sivyo, masimulizi hayo yamedumu kwa sababu mantiki yake haihitaji kufafanuliwa: anayeshika njia ya simu ameshika riziki ya watu. Kinachosahaulika ni kwamba mtambo uliondoa mkono wa opereta lakini haukuondoa uamuzi. Uamuzi ulihamia kwa aliyepanga mtambo, na tangu hapo umekuwa ukizidi kujificha. Opereta mzoefu wa mji mdogo alijua kwamba bwana shamba hushinda nje siku ya mnada, akamwambia mpigaji ajaribu kesho, na akikosea aliweza kuambiwa, "Dada, umenipeleka siko." Seva haiambiwi hivyo. Mpigaji aliyepelekwa siko hana wa kumlalamikia, na mara nyingi hajui hata kwamba kuna mtu aliyeamua.

Ili hoja isimame ni lazima kuona faili lenyewe linavyofanya kazi. Tuchukue Asterisk, mojawapo ya programu za seva ya simu zinazotumika sana duniani. Mark Spencer alianza kuiandika mwaka 1999, akiwa mwanafunzi aliyeanzisha kampuni ndogo na kukosa fedha za kununua mtambo wa simu wa ofisi. Kwa kuwa hutolewa bure na msimbo wake uko wazi, imeingia katika ofisi, hoteli na vituo vya huduma kwa wateja, mara nyingi ikiwa ndani ya mitambo yenye majina mengine. Maelekezo ya njia huandikwa katika faili liitwalo extensions.conf, nalo hugawanywa katika maeneo: la simu zinazoingia, la simu za ndani, la simu zinazotoka. Ndani ya kila eneo kuna ruwaza za namba. Herufi X husimama badala ya tarakimu yoyote kuanzia 0 hadi 9, Z badala ya 1 hadi 9, N badala ya 2 hadi 9, na nukta humaanisha chochote kinachofuata. Ukiandika _0262XXXXXX umetaja kila namba ya tarakimu 10 inayoanza na 0262, na chini yake unapanga hatua: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lugha yenyewe ni nyepesi, na afisa TEHAMA wa halmashauri anaweza kuijifunza kwa muda mfupi. Uzito uko katika yale ambayo mstari mmoja unaweza kuyafanya bila mtu kukusudia.

Kosa moja linatosha kuonyesha hilo. Fundi mwenye haraka anataka simu zote za nje zipite kwenye laini ya kampuni ya simu za intaneti iliyoko ng'ambo, kwa sababu ni rahisi. Katika eneo kuu anaandika _X. na kumaliza, maana ruwaza hiyo inakubali namba yoyote yenye tarakimu mbili au zaidi. Namba za dharura, 112 ya polisi na 114 ya zimamoto, ameziandikia kanuni nzuri katika eneo lake, kisha ameliunganisha eneo hilo na eneo kuu. Kwa macho kila kitu kipo. Lakini programu hutafuta kwanza katika eneo kuu, na ikipata humo ruwaza inayolingana haiendi kutazama lile lililounganishwa. Sasa 114 ni tarakimu tatu, na _X. inaikubali. Kwa hiyo mlinzi wa usiku anayepiga 114 huku moshi ukitoka masijala anapelekwa ng'ambo, kwenye mtambo ambao hauna habari na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kanuni zote zingekuwa katika eneo moja hatari hiyo isingekuwepo, kwa kuwa hapo programu huchagua ruwaza iliyo mahususi zaidi bila kujali iko mstari wa ngapi. Tofauti kati ya ofisi iliyo salama na isiyo salama ni mahali pa kuweka mistari miwili, na hakuna mkurugenzi atakayeigundua kwa kutazama simu iliyo mezani kwake.

Atakayeona huu kuwa mfano wa kutunga na atazame Marekani. Desemba 2013, katika hoteli moja mjini Marshall, Texas, mwanamke aliuawa chumbani huku binti yake wa miaka 9 akipiga namba ya dharura ya nchi hiyo, 911, mara nne kwa simu ya chumbani. Simu haikutoka hata mara moja, kwa sababu mtambo wa hoteli ulitaka mtu abonyeze kwanza 9 ili apate laini ya nje. Mtoto alifanya alichofundishwa, na mtambo ulifanya ulichoelekezwa. Babu wa mtoto huyo alifanya kampeni kwa miaka kadhaa, na Februari 2018 ikasainiwa sheria ya nchi nzima, inayojulikana kwa jina la marehemu kama Sheria ya Kari, inayotaka mitambo mipya ya ofisi na hoteli iruhusu 911 kupigwa moja kwa moja, bila tarakimu ya kutangulia. Yaani jambo lililokuwa chaguo la fundi likawa suala la bunge, baada ya mtu kufa. Hoteli na ofisi za Dodoma zinazotaka mtu abonyeze 9 au 0 kabla ya kutoka nje hazihitaji kusubiri bunge. Kwa Asterisk ni mistari michache.

Lakini si kila madhara ni ya moto na damu, na mengi ya kila siku hayaonekani kabisa. Chukua saa. Ofisi za serikali Tanzania hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, na fundi huandika hivyo kwa namna ya kompyuta, 07:30 hadi 15:30. Seva nyingi, hasa zilizokodiwa kwenye vituo vya data vya nje, huja zikiwa zimewekwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa tatu. Asipobadilisha, mtambo utafungua ofisi saa 4:30 asubuhi na kuifunga saa 12:30 jioni. Mkulima wa Chemba anayepiga saa 2 asubuhi, kabla hajatoka kwenda shamba, anaambiwa kwa sauti ya upole kwamba ofisi imefungwa, ilhali karani ameshafika na ameketi karibu na simu isiyolia. Jioni simu inalia katika jengo tupu. Anayefanya majaribio ya mtambo mchana hataona kosa lolote, kwa sababu kuanzia saa 4:30 hadi saa 9:30 saa hizo mbili zinakubaliana. Sikukuu nazo zina mtego wake: Saba Saba na Nane Nane zina tarehe ya kudumu, lakini Idi el Fitri hungoja mwezi kuandama, na mtambo wenye kalenda isiyobadilishwa utakuwa wazi siku ambayo hakuna mtu. Kwa hiyo lazima awepo mtu mwenye jina na cheo ambaye kazi yake ni kubadilisha hali ya mtambo usiku mwezi unapotangazwa, na kumteua mtu huyo si kazi ya mzabuni.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya gharama, kwa sababu hapo mstari mmoja huhamisha fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Simu huanza kutozwa pale upande unaopigiwa unapotoa ishara kwamba umepokea. Kabla ya hapo mpigaji anasikia mlio tu na hatozwi. Mtambo unapowekwa foleni, kawaida ya mafundi ni kuupokea mwito mara moja, kisha kumchezea mpigaji muziki hadi mhudumu apatikane. Kuanzia muziki ule dakika za kifurushi chake zinaliwa, au salio lake linashuka, ingawa hajazungumza na mtu. Programu ina njia nyingine: kumwacha asikie mlio, au hata kumtolea tangazo fupi bila kutuma ishara ya kupokea, hadi mhudumu anyanyue mkono. Kwa ofisi ya serikali ya Mtumba, Dodoma, yenye laini za kutosha, tofauti haionekani. Kwa mtu wa Mpwapwa aliyenunua vocha ndogo ili aulizie cheti cha kuzaliwa cha mtoto, tofauti ni kama atafika mwisho wa foleni au salio litakwisha akiwa wa pili. Zipo namba za bure, na pale zilipo tatizo hili linaondoka. Lakini namba nyingi za ofisi si za bure. Anayeamua kwamba mwananchi alipie muziki ni nani? Kwa sasa, katika hali nyingi, ni mfano uliokuja na programu.

Urefu wa foleni nao si bahati. Mdenmaki Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 na tena mwaka 1917 hesabu ambazo hadi leo hutumika kupanga idadi ya wahudumu. Tuziweke kwenye ofisi ya wastani. Tuseme zinaingia simu 30 kwa saa na kila moja inachukua dakika 4. Hiyo ni kazi ya watu wawili wasiopumzika. Ukiweka wahudumu wawili, foleni haitapungua kamwe, itaendelea kurefuka hadi watu wakate tamaa. Ukiweka watatu, wapigaji 44 kati ya 100 watasubiri, na wastani wa kusubiri kwa wote utakuwa kama dakika 1 na sekunde 47. Ukiongeza wa nne, wastani unashuka hadi sekunde 21 hivi. Mtu mmoja amepunguza subira kwa mara tano. Matokeo haya hayalingani na hisia za wengi, wanaodhani kwamba kuongeza theluthi moja ya wahudumu kutapunguza foleni kwa theluthi moja. Mkuu wa ofisi aliyeona hesabu hii anaweza kubishania nafasi ya ajira kwa namba mkononi. Ambaye hajaiona atamwambia fundi arefushe muziki. Na pale ambapo fedha ya mhudumu wa nne haipo kabisa, mtambo unaweza kufanya kile ambacho Watanzania walijifundisha wenyewe kwa kubipu: kuandika namba ya aliyekata kabla ya kupokelewa na kuirudisha kwa karani ampigie baadaye, kwa gharama ya ofisi.

Menyu za kubonyeza namba nitazipita haraka, isipokuwa jambo moja. Katika Asterisk kuna kanuni mbili maalumu, herufi t kwa mpigaji ambaye hakubonyeza chochote mpaka muda ukaisha, na herufi i kwa aliyebonyeza namba isiyokuwepo. Zisipoandikwa, simu hukatwa. Mwenye kukatiwa hivyo ni nani hasa? Ni bibi wa Bahi anayezungumza Kigogo nyumbani na ambaye Kiswahili cha menyu kinamkimbia, ni mzee Msandawe wa Kondoa au Chemba, ni asiyeona vizuri tarakimu, ni mwenye simu iliyopasuka kioo. Wanaobonyeza haraka na kwa usahihi ni wale ambao wangejisaidia hata bila simu. Kanuni ya busara ni kwamba ukimya umpeleke mpigaji kwa binadamu, na kuiandika ni kazi ya dakika moja.

Kuhamia kwa serikali Dodoma kumeongeza uzito wa haya yote. Uamuzi wa kuhamisha makao makuu ulifanywa mwaka 1973, lakini wizara zilihama kwa wingi baada ya tangazo la Rais John Magufuli la Julai 2016, na barua zilizokuwa na namba za 022 zikaanza kubeba za 026. Namba ya zamani haifi siku ofisi inapohama. Imeandikwa kwenye mabango, kwenye mikataba, kwenye kuta za zahanati, kwenye daftari za watu. Zamani kuihifadhi kulihitaji laini ya gharama kubwa. Kwa seva ya simu namba ya Dar es Salaam inaweza kulia Dodoma bila mpigaji kujua. Basi swali ni la utawala: ihifadhiwe miaka mingapi, na anayeipiga aambiwe namba mpya au aunganishwe tu? Badiliko jingine lilikuja tarehe 1 Machi 2017, siku Watanzania walipoanza kuweza kuhama mtandao wakibaki na namba zao. Ofisi zilizokuwa zikipanga simu kwa kuangalia tarakimu za mwanzo, hizi zipite laini ya mtandao huu na zile ya mtandao ule ili kupata bei nafuu, zikawa na kanuni inayosema uongo. Simu bado hufika, lakini kwa bei ambayo hakuna aliyeikadiria, na kanuni kama hiyo inaweza kuishi kwenye faili miaka mingi kwa sababu hakuna anayelisoma.

Upande wa pili uko mfano unaoonyesha inavyokuwa pale njia ya simu inapopangwa kuanzia kwenye mahitaji ya mpigaji. Mpango wa m-mama ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kwa ushirikiano wa serikali na Vodafone Foundation, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua jijini Dodoma upanuzi wake wa nchi nzima. Mjamzito mwenye dharura, au mhudumu wa zahanati kwa niaba yake, hupiga 115 bila malipo. Anayepokea ni mtu aliyefundishwa katika kituo cha uratibu. Huuliza maswali ya kitabibu yaliyopangwa, na programu humwonyesha gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, mwenye gari lake mwenyewe, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Takwimu za afya za taifa zinaonyesha vifo vya wajawazito vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Kushuka huko kuna sababu nyingi, na sehemu kubwa ilitangulia upanuzi wa m-mama, kwa hiyo isidaiwe kuwa ni kazi ya namba moja ya simu. Ninachotaka kionekane ni utaratibu wa kufikiri. Waliopanga 115 walianza na swali la nani lazima afike kwa mama huyu na kama hayupo afike nani, wakalijibu hadi mwisho, hadi dereva na malipo yake, na mtambo ukafuata majibu. Hakuna mahali ambapo simu inaishia hewani kwa sababu mtu hakufikiria.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni kwamba haya ni mambo ya ufundi na wakuu wa ofisi hawana muda wala ujuzi nayo. Ni kweli kwamba Katibu Mkuu hapaswi kujua kazi ya herufi X. Lakini mwenye nyumba hahitaji kujua kuchanganya saruji ili aseme mlango uelekee wapi. Maamuzi niliyoyataja, yaani saa za kazi, nani wa pili kupokea, nani alipie foleni, asiyebonyeza aende kwa nani, yote yanaweza kusemwa kwa Kiswahili cha kawaida katika ukurasa mmoja, na fundi akayageuza kuwa mistari. Asipopewa ukurasa huo atajaza nafasi kwa kubahatisha, maana seva haiwezi kuachwa bila jibu. Lawama hapo si za fundi. Alipewa madaraka ambayo hakuyaomba.

La pili lina nguvu zaidi: kuweka wazi mpango wa simu ni kuwapa wezi ramani. Wizi wa simu za ofisi upo, na ni wa hatari. Mashine hutembea mtandaoni usiku na mchana zikigonga mlango namba 5060, unaotumiwa na simu za intaneti, zikijaribu simu ya ndani namba 101 kwa nywila 101. Zikifanikiwa, hupiga mamia ya simu kwenda namba za nje zenye tozo kubwa ambazo wezi wana mgawo katika mapato yake, kwa kawaida wikiendi, na Jumatatu ofisi inakuta deni. Lakini wizi huo haufunguliwi na kujulikana kwamba simu ya malalamiko hulia kwa sekunde 20 mezani kwa karani kabla ya kwenda kwa msimamizi wake. Hufunguliwa na nywila dhaifu, na eneo la simu zinazoingia lililounganishwa na la simu zinazotoka, na ile _X. tuliyoiona. Nywila, anwani za seva na majina ya akaunti zibaki siri. Sera ya nani anapokea itangazwe. Tena ofisi iliyolazimika kuandika kwamba simu za kimataifa zinaruhusiwa kutoka meza mbili tu imeshafunga sehemu kubwa ya mlango, kwa sababu sasa kuna kipimo cha kulikagulia faili.

La tatu husemwa kwa kunong'ona: simu ya mezani imekufa, kila afisa ana simu ya mkononi na WhatsApp, na mwananchi mwerevu hutafuta namba ya mtu anayemjua. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda kweli, na ndiyo sababu hoja hii ni ya dharura. Afisa wa ardhi akihamishwa kutoka Kongwa kwenda Manyoni anaondoka na namba yake, na mazungumzo yote aliyofanya na wananchi wa Kongwa yanaondoka naye. Anayemfuata anaanza upya, na mwenye shauri anaanza upya pia. Asiye na mtu wa kumjua hana pa kuanzia kabisa. Namba ya ofisi ni ya cheo, hairithiwi wala haihamishwi, na seva ya simu inaweza kuifanya ilie kwenye simu ya mkononi ya yeyote anayeshika cheo hicho leo, huku kumbukumbu ikibaki ofisini. Teknolojia inayodaiwa kuiua simu ya ofisi ndiyo iliyoifanya iweze kumfuata afisa hadi uwandani.

Pa kuuweka ule ukurasa mmoja wa maamuzi ya simu tayari papo. Ofisi nyingi za umma Tanzania zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja, hati inayoeleza huduma zitolewazo, viwango vyake na namna ya kulalamika. Mpango wa njia za simu ni kiambatisho chake cha kawaida kabisa: namba zipi, saa zipi, nani wa kwanza na wa pili, umeme ukikatika simu zielekezwe kwenye laini gani, nani mwenye mamlaka ya kubadilisha, na lini zilijaribiwa mara ya mwisho kutoka kila mtandao na kwa saa tofauti za siku. Mabadiliko yasainiwe kama waraka mwingine wowote unavyosainiwa.

Na yapo maswali ambayo hata ofisi moja haitoshi kuyajibu. Kiteto ni wilaya ya Mkoa wa Manyara, ambao makao yake yako Babati, lakini mahindi ya Kiteto huuzwa kwa wingi Kibaigwa, wilayani Kongwa, Mkoa wa Dodoma. Simu ya mkononi haijui mipaka ya mikoa, hushika mnara wenye nguvu zaidi, na kwa mtu wa kusini mwa Kiteto mnara huo unaweza kuwa wa upande wa Kongwa. Namba fupi ya dharura inayogawanywa kwa minara itampeleka kwa watu wa Dodoma. Inayogawanywa kwa mkoa anaoutaja mwenyewe itampeleka Manyara, na gari la karibu linaweza kuwa upande wowote kulingana na kijiji na barabara, na masika na kiangazi. Jibu lake ni orodha ya vijiji, iliyokubaliwa kati ya Katibu Tawala wa Mkoa wa Manyara na mwenzake wa Dodoma baada ya kuwasikiliza waganga wakuu wa wilaya hizo mbili na madereva wanaozijua njia, yenye kusema kwa kila kijiji nani anatoka kwanza na nani analipia mafuta. Ikishakuwepo, kuiingiza kwenye seva ni kazi ya alasiri moja.